Nyumba za Wageni Chini ya Mlima Mansfield

Katika jimbo la Vermont, upande wa kaskazini mashariki ya Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada, umesimama mlima uitwao Mansfield, ambao kwa kimo unaipita milima yote ya safu ya Green Mountains, ijapokuwa kilele chake hakizidi futi 4,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji wetu aliyezoea kuinua macho akautazama Kilimanjaro, kimo hicho huenda kikaonekana haba. Walakini katika nchi iliyo mbali na ikweta baridi haimngoji mtu apande juu ndipo imkute, bali humshukia bondeni, ikaizingira nyumba yake na zizi lake, ikakaa naye miezi mitano. Chini ya mlima huo, katika bonde la mashamba na misitu, uko mji mdogo wa Stowe, ambao leo jina lake limeenea Marekani nzima kwa mambo mawili yasiyotengana: mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ski, yaani zile mbao mbili ndefu nyembamba, zenye ncha zilizopindwa juu, zinazofungwa miguuni, na nyumba za wageni, kubwa kwa ndogo, zilizojipanga kandokando ya barabara iendayo mlimani.

Waandishi wa tarikhi ya mchezo huo aghalabu huanza masimulizi yao na mitambo: kamba ya kwanza iliyowavuta watu kilimani, kiti cha kwanza kilichowapandisha hewani, na matajiri waliotoa fedha za kuvijenga. Mimi naona kwamba masimulizi hayo yameanzia ukingoni, maana kabla ya mtambo alikuwako mwenyeji, na kabla ya tikiti ilikuwako sahani ya chakula cha moto juu ya meza ya mkulima. Riziki ambayo theluji imewaletea watu wa Vermont ilianzia sebuleni ndipo ikapanda mlimani, na mtu akitaka kujua kwa nini milima hii midogo ilipata wageni wengi kabla ya milima mingine mirefu kuliko hiyo, hana budi kuuliza kwanza habari za nyumba zilizowalaza.

Kwa vizazi vingi majira ya baridi hayakuwa neema kwa mtu yeyote wa bonde lile. Theluji ya kwanza huanguka mwezi wa Novemba, na aghalabu hudumu ardhini mpaka Aprili. Na katika muda huo mkulima wa karne ya 19 alikula alichoweka ghalani na katika chumba cha chini ya nyumba, nyama ya chumvi, viazi na matofaa, akichoma kuni alizozikata mwaka uliotangulia, na kuwalisha ng'ombe wake majani makavu aliyoyavuna jua lilipokuwa kali. Hakuna aliyefikiri kuiondoa theluji barabarani. Badala yake, wanakijiji waliishindilia kwa magurudumu mapana ya mbao, mfano wa mapipa makubwa yaliyolazwa, yakivutwa na farasi jozi kwa jozi, mpaka njia ikawa ngumu na laini, ikafaa kwa magari yasiyo na magurudumu yanayoteleza juu ya vyuma viwili. Na kwa kuwa madaraja ya nchi ile mengi yalijengwa kwa mbao na kuezekwa paa, yakabaki makavu ndani ilhali nje kumejaa theluji, walikuwako watu waliolipwa na mji ili kuchota theluji kwa koleo na kuitandaza sakafuni mwa daraja, gari lipate kupita. Nchi iliyowalipa watu kubeba theluji ili maisha yasisimame ilikuwa imekwisha kuijua theluji kwa undani, ingawa haikuwa imeona bado faida yake.

Umaskini nao haukuwa mbali. Katika mwanzo wa karne hiyo, William Jarvis, aliyekuwa konseli wa Marekani mjini Lisbon, aliwaleta kondoo wa merino kutoka Hispania, na sufi yao ikawatajirisha wakulima wa Vermont kwa muda, hata ilipofika mwaka 1840 jimbo lilikuwa na zaidi ya kondoo 1,600,000, na watu wake hawakutimia 300,000. Kisha ushuru uliokuwa ukiilinda sufi ulipunguzwa, reli na mifereji ikafungua nyanda za magharibi ambako malisho yalipatikana kwa bei ndogo, na biashara ile ikaanguka. Vijana wakahama kwa maelfu kufuata ardhi tambarare isiyo na mawe, wakawaacha nyuma wazee wao katika nyumba kubwa zenye vyumba vitupu. Msomaji na avikumbuke vyumba hivyo vitupu, kwa sababu ndivyo vilivyokuja kuwa mtaji wa wajukuu zao.

Nyumba za kupokea wasafiri zilikuwako tangu zamani katika njia za magari ya farasi, na iliyo mashuhuri mjini Stowe mpaka leo ni Green Mountain Inn, ambayo ilijengwa mwaka 1833 kuwa makazi ya watu binafsi, na katikati ya karne ikageuzwa hoteli. Mwaka huohuo wa 1833, Edmund Roberts, mtu wa New Hampshire, jimbo jirani na Vermont, alitia sahihi mjini Muscat mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Na kwa mlango huo ikafuata biashara kubwa, nguo ya pamba iitwayo merikani ikija pwani yetu kutoka viwanda vya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, na pembe za ndovu zikienda kule. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia katika miji midogo ya Connecticut, Ivoryton na Deep River, zikapasuliwa vipande vyembamba na kubandikwa juu ya vibao vya piano. Piano ilikuwa pambo la heshima katika sebule za Marekani za zama zile, za nyumba za watu na za nyumba za wageni. Na wageni walioimba jioni karibu na moto, huku upepo ukivuma nje, waligusa kwa vidole vyao mali iliyotoka bara ya Afrika kwa mabega ya wapagazi na kwa mateso ya watumwa, wala hawakujua. Naitaja habari hii kwa sababu hakuna raha ya sebuleni isiyokuwa na gharama mahali fulani, na ni wajibu wa mwandishi wa tarikhi kuionyesha.

Reli ilipofika Waterbury, maili kumi kutoka Stowe, mtu mmoja wa mjini, William H. H. Bingham, aliona kwamba watu wa miji mikubwa wangependa kuyakimbia majira ya joto na kuja kupunga hewa mlimani. Mwaka 1858 alisimamisha hoteli karibu na kilele cha Mansfield, na mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijakwisha, ikafunguliwa mjini hoteli nyingine, kubwa mno kwa mji ule, yenye mabaraza marefu na vyumba kwa mamia ya wageni. Hoteli ya mjini iliteketea kwa moto mwaka 1889, na ile ya mlimani ikadumu takriban karne nzima. Lakini zote mbili, pamoja na fahari yake, zilikuwa na ada moja: majani yalipopukutika, milango ilifungwa, watumishi wakaenda zao, na mji ukarudi katika ukimya wake. Wakulima nao walikuwa wamejifunza jambo kutoka kwa Bingham. Wengi wao, na hasa wake zao, walianza kuvipangisha vile vyumba vitupu kwa familia za Boston na New York wakati wa joto, kwa malipo ya maziwa, mayai, hewa na utulivu, na serikali ya jimbo ikasaidia kwa kuchapisha vitabu vya kuzisifu nyumba hizo. Kwa hiyo, ilipowadia karne ya 20, watu wa Vermont walikuwa wamekwisha kuipata elimu ya ukaribishaji, kutandika kitanda cha mgeni, kupikia watu kumi mahali pa watano, kumstahamili mtu wa mji na maswali yake. Kilichokosekana kilikuwa ni sababu ya kumfanya mgeni huyo aje wakati wa baridi.

Sababu hiyo iliingia kimyakimya. Kabla ya vita kuu vya kwanza, familia chache za Kiswidi zilizohamia Stowe zilionekana zikienda shughuli zake kwa ski, na watoto wa mji wakaiga. Mwezi wa Februari mwaka 1914, Nathaniel Goodrich, mtunza maktaba wa chuo cha Dartmouth, aliupanda Mansfield kwa ile barabara ya malipo iliyojengwa kwa ajili ya magari ya wageni wa joto, kisha akateremka kwa ski. Na huko ndiko kuteremka kwa kwanza kulikoandikwa katika kumbukumbu za mlima huo. Miaka saba baadaye, Craig Burt, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa na nia njema na mji wake, aliongoza sherehe ya kwanza ya majira ya baridi, ya mwaka 1921, wenyeji wakashindana kuruka na kuteleza mbele ya umati wa watu waliostaajabu kuona kwamba mwezi wa Februari nao waweza kuwa na furaha.

Kisha yakaja mambo mawili pamoja, dhiki na shauku. Dhiki ilikuwa ile ya kuanguka kwa uchumi wa dunia, iliyowaacha wakulima wakiuza maziwa kwa bei isiyolipa hata majani ya ng'ombe. Na shauku iliwashwa na michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Lake Placid, katika jimbo jirani la New York, mwezi wa Februari mwaka 1932. Tangu mwaka 1931 treni maalumu zilikuwa zikiondoka Boston siku za mapumziko zikiwa zimejaa vijana na ski zao, zikienda popote palipokuwa na theluji. Katika siku hizo Roland Palmedo, mtu wa benki wa New York na kiongozi wa chama cha wapenda ski mjini humo, alimwandikia barua mkuu wa posta wa Stowe akiuliza habari za mlima na, pamoja na hizo, habari za malazi. Mtu huyu alikuwa ameteleza katika milima ya Alpi, aliijua miteremko ya kila aina, na bado aliona kwamba mlima usio na mahali pa kulala jirani yake haukuwa na faida kwa chama chake.

Jibu la kwanza la swali hilo halikuwa hoteli. Burt alikuwa na kambi ya wakata magogo katika bonde lililo chini ya Mansfield, nayo aliifungua kwa wanamichezo katika majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, ikajulikana kwa jina la Ranch Camp. Wageni walifika humo kwa miguu au kwa ski, wakalala katika vitanda vya kupandana vilivyokuwa vya vibarua, wakala katika meza ndefu vyakula vilevile vilivyowatia nguvu wakata magogo, na asubuhi wakaupanda mlima kwa jasho lao ili wapate kuteremka mara moja au mbili kabla ya jua kuchwa. Wengine wakalala katika nyumba za wakulima, kwa dola mbili tatu kwa siku pamoja na chakula.

Ni vema tuingie ndani ya nyumba moja ya namna hiyo, maana huko ndiko mambo yalikofanyika. Mwenye nyumba huamka usiku wa manane uliokwisha kuchakaa, akachochea jiko la chuma lililokuwa jikoni, ambalo ndilo moto wa pekee unaotegemewa na nyumba nzima, joto likipanda ghorofani kwa tundu lililotobolewa darini na kufunikwa wavu wa chuma. Mumewe na wanawe wamo zizini wakikama. Juu ya kamba zilizofungwa kutoka ukuta hadi ukuta zimening'inia soksi na glavu za sufi za wageni, zilizolowa jana na leo zimekauka zikawa ngumu, na karibu na jiko zimesimamishwa ski ambazo mmoja wa vijana amekuwa akizipaka nta, akibishana na mwenziwe juu ya nta ipi yafaa kwa theluji mbichi na ipi kwa theluji iliyoganda. Mezani umewekwa uji wa shayiri, mayai, na chapati za maji zilizomiminiwa shira, ambayo hupikwa kwa utomvu wa miti mikubwa ya msitu wa nyumbani; utomvu huo hukingwa mwishoni mwa baridi, usiku unapogandisha na mchana unapoyeyusha, na hutakiwa takriban galoni 40 za utomvu ili ipatikane galoni moja ya shira. Jioni wageni hurudi wamechoka, wakakuta maharagwe yaliyopikwa polepole kutwa nzima. Na wanapokwenda kulala chumbani kusiko na moto, kila mmoja hupewa jiwe la sabuni lililopashwa jikoni na kuzungushiwa kitambaa, alitie chini ya mfarishi, miguuni. Fedha zilizotoka kwa wageni hao zilikuwa kidogo, lakini zilikuja wakati ule wa mwaka ambao shamba halikuleta kitu, zikalipa kodi ya ardhi na kununua viatu vya watoto. Na mashamba yaliyokuwa karibu kuuzwa yakabaki mikononi mwa wenyewe. Na aghalabu aliyezipata alikuwa ni mama wa nyumba, ambaye kwa mara ya kwanza kazi yake ya jikoni ilipewa thamani ya kuhesabika.

Kwamba mtambo ulizaliwa na nyumba ya wageni, ushahidi wake uko Woodstock, mji wa Vermont ulio kusini ya Stowe. Huko Bob Royce na mkewe Betty walikuwa wakiendesha hoteli ndogo iitwayo White Cupboard Inn, na wageni wao waliotoka New York walinung'unika kwamba kutwa nzima huishia katika kupanda, ilhali raha yenyewe ni ya dakika chache. Bwana na Bibi Royce walisikia habari za kamba ya kuvutia watu iliyotumika Quebec, wakamkodi fundi, wakakodi kilima cha malisho cha mkulima Clinton Gilbert kwa dola 10 kwa majira yote, na mwezi wa Januari mwaka 1934 ikaanza kuzunguka kamba ndefu iliyofungwa katika gurudumu la motokaa ya Ford, mtu akiishika kwa mikono miwili na kukokotwa mpaka juu. Hiyo ndiyo kamba ya kwanza ya namna yake katika Marekani. Haikubuniwa na kampuni ya milima wala na mhandisi mashuhuri. Ilitokana na mwenyeji aliyeyasikiliza malalamiko ya wageni wake mezani, akaona aibu kuwaacha bila ya kuwatimizia haja yao.

Mjini Stowe mambo nayo yakaenda mbio. Rais Roosevelt alipoanzisha mwaka 1933 jeshi la vijana wa kazi, waliolipwa dola 30 kwa mwezi na kutakiwa kuzipeleka nyumbani 25 katika hizo, mkuu wa misitu wa Vermont, Perry Merrill, aliwatumia kufyeka njia za kuteremkia juu ya Mansfield, chini ya uangalizi wa Charlie Lord, mhandisi wa barabara aliyekuwa amekosa kazi. Na njia alizozichora zinatumika na kusifiwa mpaka hivi leo. Mwezi wa Desemba mwaka 1936 akawasili Sepp Ruschp, kijana wa Linz katika Austria, aliyekuwa ameviandikia vyama vingi vya Marekani akiomba kazi ya ualimu wa ski, na chama cha Stowe kikamwita. Mwaka 1940, kwa juhudi ya Palmedo na wenziwe, kikafunguliwa kiti cha waya kilichombeba mtu mmoja mmoja umbali wa futi 6,330, ambacho siku ile kilikuwa kirefu kuliko vyote duniani. Mtangazaji mashuhuri wa redio Lowell Thomas, kwa kuwa hakutaka kuuacha mlima wala kazi yake, alisema na taifa zima kutoka Green Mountain Inn. Na wasikilizaji walioketi katika miji ya mbali wakalisikia jina la Stowe, wakalitia moyoni.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ilinunua shamba juu ya kilima kimoja cha Stowe aila ya von Trapp, waimbaji waliotoka Austria mwaka 1938 baada ya nchi yao kutwaliwa na Hitler, ambao habari zao baadaye zilienezwa na mchezo wa jukwaani na filamu ya mwaka 1965. Waliichagua nchi ile kwa kuwa iliwakumbusha kwao. Lakini shamba lenyewe lilikuwa gumu na nyumba imechakaa, wakaijenga upya kwa mikono yao. Tangu mwaka 1950, kwa kuwa safari zao za kuimba ziliwaweka mbali na nyumbani sehemu kubwa ya mwaka, walianza kukodisha vyumba vyao 27 kwa wapenda ski. Hapa twauona tena mwendo uleule: wakimbizi waliopokewa wakawa wapokezi, na makazi ya watu yakawa loji bila ya kukoma kuwa makazi. Nyumba hiyo iliungua usiku wa Desemba mwaka 1980, ikajengwa nyingine kubwa mahali pake, nayo ingali mikononi mwa kizazi cha waliokuja.

Haitakuwa haki kuusifu ukarimu huu bila ya kutaja mipaka yake. Katika miaka ya 1930 na 1940 zilikuwako nyumba za wageni katika New England, na Vermont haikusalimika, zilizotia katika matangazo yao maneno ya staha ambayo maana yake ilikuwa kwamba Myahudi hapokelewi. Na msafiri mweusi hakuweza kuingia nyumba yoyote kwa kutumaini tu, hata tangu mwaka 1936 Victor Green, tarishi wa posta aliyeishi Harlem, mjini New York, alichapisha mwaka hadi mwaka kitabu cha kuwaonyesha watu weusi mahali watakapolazwa bila ya kudhalilishwa. Mwaka 1957 Vermont ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika mahali pa kupokea watu, miaka saba kabla ya sheria ya taifa zima. Mwenyeji anayemtazama mtu usoni na nasabani kabla ya kumtazama katika haja yake ameufanya ukarimu wake kuwa bidhaa tu, na bidhaa mbovu. Na sheria ile, ijapokuwa haikuweza kuibadili mioyo, iliuondoa mkono wa aibu uliokuwa ukishika kitasa cha mlango.

Baada ya vita utajiri ulikuja kwa kasi. Barabara kuu za miaka ya 1960 ziliupunguza mwendo wa kutoka Boston na New York hata mtu akaweza kufika usiku na kurudi kesho yake, na penye mashamba pakaota hoteli za kando ya barabara, kisha majengo ya vyumba vya kuuziwa watu wanaovitumia siku chache kwa mwaka. Bei ya ardhi ikapanda mpaka mtoto wa mkulima akashindwa kununua kiwanja katika kijiji alichozaliwa. Watu wa Vermont hawakukaa kimya: mwaka 1968 walikataza mabango ya biashara kandokando ya barabara, na mwaka 1970 wakatunga sheria ya kuchunguza kila ujenzi mkubwa kabla haujaanza. Katika bonde jingine, kwenye mlima wa Mad River Glen ambao Palmedo aliufungua mwaka 1948 kwa sababu aliona Stowe imeanza kuwa ya kibiashara mno, watumiaji wenyewe waliununua mlima mwaka 1995 kwa njia ya ushirika, na kiti chao cha mtu mmoja wakakihifadhi. Stowe ilishika njia nyingine, na mwaka 2017 shughuli za ski za Mansfield zikanunuliwa na kampuni ya Vail Resorts ya Colorado, yenye milima mingi chini ya mamlaka yake.

Sisemi kwamba kampuni kubwa haiwezi kumlaza mgeni vizuri. Vitanda vyake ni laini, na maji yake ni ya moto. Nasema kwamba kuna kazi moja ambayo nyumba ndogo iliifanya na ambayo haiwezi kuandikwa katika mkataba wa kazi wa mtumishi: kumweka mgeni na mwenyeji katika meza moja, mmoja akaijua dhiki ya shamba na mwingine akaijua haja ya mji, hata wote wawili wakawa na maslahi katika uzima wa mahali pamoja. Kamba ya Woodstock ilitoka katika mazungumzo ya namna hiyo, kadhalika Ranch Camp, na kadhalika mashamba mengi yaliyookoka katika miaka ya njaa. Palipo na mazungumzo hayo, faida hubaki bondeni na kuwarudia waliolilima. Yanapokoma, theluji huendelea kuanguka, wageni huendelea kuja, na mapato hupita barabara ileile yakienda mbali. Kwa hiyo kila nchi yenye mlima unaopendwa na wageni, na nchi zetu zimo katika hizo, ingefaa kuitazama Stowe na kuuliza mapema, kabla ya barabara kupanuliwa na viwanja kupimwa, ni nyumba ngapi za wenyeji zitakazokuwa na chumba cha mgeni, na ni nani atakayeketi mezani pamoja naye.